Pembetatu Ndiyo Pasi

Saba bila. Aliyefungwa ni mimi, mtu mzima mwenye mke, mkopo wa SACCOS na miaka kumi na moja ya kuendesha watalii. Aliyenifunga ni mpwa wangu, mtoto wa dada, darasa la sita, ambaye usiku akitaka kwenda chooni bado humwamsha bibi yake amsindikize.

Banda lenyewe liko nyuma ya soko, hapa Karatu mjini: mabati juu, mabenchi manne, televisheni mbili za mgongo mrefu na PlayStation 2 mbili zilizomzidi mpwa wangu umri. Sony waliacha kuzitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013, ila nadhani taarifa hiyo iliishia Mto wa Mbu, ikashindwa kupanda mlima. Huku kwetu bado ni shilingi mia mbili kwa mechi, aliyefungwa anapisha, na CD ni za kuchomwa. Mafundi wa mjini wamezivisha timu za Ulaya jezi za Simba na Yanga. Nilichukua Simba. Kazi yangu ni kuwatafutia watu simba, nikaona ni kuiheshimu ofisi. Novemba 2023, Yanga walipotufunga tano kwa moja, niliapa kwamba nimeshaona aibu yote ambayo Mungu amemwandikia mtu wa Simba. Kumbe alikuwa amebakiza mbili.

Bao la saba lilipoingia, mtoto hakushangilia. Aligeuka akaniambia kwa adabu zote, "Pole, mjomba." Angenicheka, ningejua la kumfanya. Pole ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ilikuwa Aprili, na Aprili kwa watu wa utalii ni mwezi wa kukaa na mawazo yako. Masika yameshika, kambi nyingine zimefungwa, udongo mwekundu wa Karatu umekuwa uji wa ulezi, na Land Cruiser imeegeshwa uani, kuku wamejikinga mvua chini yake. Dereva asiye na wageni ana mambo mawili ya kufanya: kupiga soga kijiweni, au kutafuta namna ya kumfunga mtoto wa darasa la sita. Nikaamua kufanya mazoezi nyumbani, kimyakimya, kisha nirudi bandani kama mtu aliyepita tu kununua vocha.

Vifaa nilikuwa navyo, au nilidhani ninavyo. Nilikuwa na laptopu ya mtumba. Nilikuwa na gemu ya mpira, PES 2013, niliyopewa na rafiki kwenye flashi. Namna alivyoipata sikumuuliza, naye hakujitolea kueleza. Na chini ya kitanda, ndani ya boksi la viatu, nilikuwa na pedi ya PlayStation 2 iliyobaki kutoka enzi za ukapera. Mashine yake iliungua zamani, siku umeme uliporudi kwa kishindo. Pedi ikabaki mjane.

Tatizo ni mdomo wa pedi. Wake ni mpana, bapa, wenye pini tisa ndani zilizojipanga mstari, umbo ambalo Sony walijitengenezea wenyewe na hakuna kifaa kingine duniani kinacholitaka. Laptopu inajua tundu la USB, basi. Kati ya hao wawili lazima aje mshenga, na mshenga huyo anaitwa adapta.

Nilianza na maduka ya vifaa vya simu yaliyo kando ya barabara kuu. Duka la kwanza alikuwapo binti mmoja mchangamfu. Nikamsalimia, nikamweleza: nina pedi nyumbani, nataka kitu cha kuziwezesha zifanye kazi vizuri. Akanitazama kwa huruma, akainamia kaunta, akauliza kwa sauti ya chini kama nesi, "Ni za mama nyumbani? Anatumia zenye mabawa au za kawaida?" Nyuma yangu walikuwa wamesimama madereva wawili ninaowafahamu. Hadi leo, wakinipita barabarani, hutandaza mikono nje ya dirisha na kuipigapiga kama ndege.

Baada ya hapo nikaona biashara hii ifanyike kwa simu. Nikapiga duka moja la Arusha. "Naomba adapta ya PS2 kwenda USB." Nikajibiwa bila kusita, "Ipo, kaka, elfu kumi na mbili." Nikatuma pesa. Dereva mwenzangu alikuwa na wageni wawili kati ya wale wachache wasioogopa mvua, anapanda nao Ngorongoro kesho yake, akakubali kunibebea kifurushi. Kutoka Arusha hadi kwetu ni karibu kilomita 150, lami tupu, na lami hiyo hiyo inaendelea hadi lango la Lodoare. Naitaja lami kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Ingekuwa ile barabara ya vumbi ya zamani, mwenzangu angepita taratibu.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta tangu saa nne asubuhi. Gari likaja. Nikapunga mkono. Mwenzangu akaniona, akafurahi, akapunga wake, akapiga honi mara mbili, akapita. Nikabaki nimenyoosha mkono kama sanamu la kuelekeza watalii. Simu yake haikupatikana; alikuwa ameshaingia kwenye ukungu wa juu kule, ambako mtandao nao huja kwa msimu.

Basi adapta yangu ikalala ukingoni mwa kreta, kwenye mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa baridi ambalo mimi mwenyewe hulivalia makoti mawili. Alfajiri ikashuka kwa njia ya Seneto, mita mia sita kwenda chini, ikazunguka kutwa ndani ya zile kilomita za mraba 260 ambazo watu huuza gari zao Ulaya ili waje wazione, mchana ikapumzika, jioni ikapanda kwa njia ya Lerai. Mpwa wangu amezaliwa Karatu, anauona msitu wa ukingo wa kreta kutoka dirisha la darasa lake, na hajashuka hata siku moja. Adapta ya elfu kumi na mbili imeshuka, na kiingilio haikulipa.

Langoni Lodoare, wakati wa kutoka, mwenzangu aliteremka kushughulikia karatasi akaacha kioo wazi. Nyani wa pale hawahitaji kualikwa mara mbili. Mmoja akaingia, akafungua kisanduku cha dashibodi, akaacha biskuti, akachukua kifurushi changu, akapanda nacho juu ya kibao cha lango. Akakifungua. Akaing'ata ile adapta, akaitazama, akaitazama tena, kisha akaitupa chini kwa dharau. Mwenzangu aliniletea jioni ile na radhi nyingi: "Kaka, nisamehe, nilidhani unanisalimia." Nikaichukua, ina alama ya jino ubavuni, nikawasha taa. Nikagundua kwamba yule nyani alikuwa mbele yangu kwa saa mbili nzima. Kitu chenyewe kilikuwa siyo.

Kilikuwa na kichwa cha USB upande mmoja, na upande wa pili matundu mawili ya duara, moja la zambarau, moja la kijani. Waliotumia kompyuta za mezani za zamani watayakumbuka: zambarau ni la kibodi, kijani ni la kipanya. Tundu lile linaitwa PS/2, kwa sababu lilikuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987 zilizoitwa Personal System/2. PlayStation 2 ya Sony ilitoka mwaka 2000. Kwa hiyo kuna PS2 na kuna PS/2, na mtu akizitamka kwenye simu hakuna sikio litakalozitenganisha. Tofauti yote ni kile kistari cha mshazari ambacho wataalamu wa Kiswahili cha kompyuta wamekiita mkwaju. Ninataka iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu: nilifungwa kwa mkwaju kabla mechi haijaanza.

Ya pili niliiagiza kwa picha, siyo kwa maneno. Elfu kumi na tano, ikaja kwa Noah, na nilifika stendi saa nzima kabla yake, nikasimama katikati ya njia ili asiwepo wa kunipungia. Hii ilikuwa yenyewe: waya mfupi, kisanduku cheusi kama sabuni ya kipande, matundu mawili ya pini tisa kwa ajili ya wachezaji wawili. Ndani ya boksi kulikuwa na CD ndogo ya draiva. Laptopu yangu haina mahali pa CD. Mke wangu aliichukua akaitundika bustanini kutishia ndege wanaodonoa mchicha, na katika vitu vyote nilivyonunua kwa ajili ya mradi huu, ni hicho pekee ambacho hakijawahi kulalamikiwa.

Nikachomeka. Taa nyekundu ya pedi ikawaka. Laptopu ikatoa ule mlio wake wa kukaribisha mgeni. Nikafungua PES, nikaanzisha mechi, na timu yangu yote, kila nikimchukua mchezaji, akaanza kutembea taratibu kwenda kushoto, bila kuagizwa, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Hilo nililijua chanzo chake. Mtu yeyote wa Karatu angelijua. Chini ya kila kijiti cha pedi kuna vipimo viwili vidogo vya umeme, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini, na kimoja kikichafuka hutoa taarifa za uongo: kijiti kimesimama wima, chenyewe kinaapa kimelala. Nikafungua pedi. Vumbi letu la Agosti, jekundu, laini kama unga wa sembe, lilikuwa limejaa mle hadi pembeni, na katikati yake sisimizi walikuwa wamehamisha mayai. Nikawapa notisi. Nikasugua kwa spiriti na mswaki (mswaki wa nani, mke wangu akisoma hapa, ni wangu), nikafunga. Wachezaji wakatulia. Nikapuliza kipenga moyoni.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penyewe.

Kwenye PlayStation, mtu yeyote aliyekulia bandani anajua: msalaba ni pasi, mraba ni shuti, duara ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza. Ukiwa unakaba, msalaba unambana mwenye mpira, na pembetatu inamtoa kipa golini. R1 ni mbio. Haya hayafundishwi, mtu anazaliwa nayo.

Nikaanza mpira. Nikabonyeza msalaba nimpe beki pasi ya mita tatu. Beki akapiga shuti, kutoka katikati ya uwanja, mpira ukaenda juu ya jukwaa la wageni rasmi. Nikashangaa. Wapinzani wakaja na mpira, nikabonyeza mraba. Kipa wangu akatoka golini mbio kama aliyesikia kwamba sukari imeshuka bei. Bao. Nikaanza tena, nikabonyeza pembetatu kwa majaribio: ikatoka pasi ya kawaida, nzuri, ya adabu. Duara likatoa krosi. Katika vitufe vinne, duara peke yake ndilo lililobaki na akili zake.

Nikapata mpira pembeni, mbele kweupe. Nikakandamiza R1 nikimbie. Mechi ikasimama. Kabisa. Skrini ikanitolea orodha: endelea, badilisha wachezaji, ondoka. Nikachagua kuendelea, nikakandamiza R1, mechi ikasimama. Nilifanya hivi mara sita, maana mtu hujifunza taratibu. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele huku anatazama kwa jicho moja, akauliza, "Baba watoto, huyo mchezaji wako ana pumu? Mbona kila akitaka kukimbia mnapumzika?" Kitufe cha START, ambacho kazi yake halali ndiyo kusimamisha mechi, nilikibonyeza kwa hasira, kikawa hakifanyi lolote. Kilikuwa kimeporwa kazi na R1, kimekaa tu.

Maelezo ya jambo hili niliyapata wiki mbili baadaye, chini kabisa ya kreta, na niliyapata nusu.

Nilipata safari moja ya Mei: Mfini mmoja, mhandisi wa kompyuta, na mkewe. Mhandisi wa kompyuta! Tulipita kifaru nikamwonyesha kwa haraka haraka, tukapita simba wanne wamelala chini ya mvua nyepesi, mimi moyo wangu uko kwenye R1. Tukafika Ngoitokitok, pale kwenye bwawa la viboko tunapokula chakula cha mchana. Sheria ya kwanza ya Ngoitokitok, ambayo huwa naitamka hata kabla ya kuzima injini, ni kwamba chakula kinaliwa ndani ya gari, kwa ajili ya mwewe. Siku ile nilizima injini nikatamka, "Samahani, unajua chochote kuhusu pedi za PlayStation kwenye kompyuta?"

Uso wa Mfini ukang'aa kuliko alipomwona kifaru. Akateremka na boksi lake la chakula, nami nikateremka nyuma yake, akaanza kunifundisha. Kompyuta, alisema, haijawahi kuona pembetatu. Haijui duara wala msalaba. Inachoona ni kitufe namba 1, namba 2, namba 3, hadi namba 12. Adapta ndiyo inayogawa namba, na adapta nyingi za namna yangu zinaanzia juu kwenda kwa mzunguko wa saa: pembetatu 1, duara 2, msalaba 3, mraba 4, kisha L2 ni 5, R2 ni 6, L1 ni 7, R1 ni 8. Sasa gemu nayo ina matarajio yake. Microsoft walipotoa Xbox 360 mwaka 2005, pedi ya mashine hiyo ikawa ndiyo kipimo cha gemu nyingi za kompyuta, na kwenye pedi ile namba 1 iko chini, mahali penye msalaba. Namba 3 iko kushoto, penye mraba. Namba 4 iko juu, penye pembetatu. Namba 2 tu ndiyo inayoangukia pale pale. Na namba 8, akasema huku anacheka, namba 8 ni START.

Kwa hiyo kila nilipobonyeza R1 nikimbie, adapta ilipeleka ujumbe "nane", na gemu ikasema, "Bwana mkubwa anataka kupumzika." Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema ukweli, kwa lugha ya kwao.

Mfini alikuwa amepamba moto. Akanisimulia kwamba mwaka 2018 jeshi la majini la Marekani lilipoipokea nyambizi iitwayo USS Colorado, mtambo wake wa kuchungulia juu ya maji, ule uliochukua nafasi ya periskopu, ulikuwa unaongozwa kwa pedi ya Xbox. Nikawaza nyambizi ile ikinunua adapta yangu: nahodha anataka kuongeza mwendo, bahari inasimama.

"Lakini dawa yake ni rahisi mno," akasema, akanyanyua mkono wa kulia wenye paja la kuku ili anionyeshe kwa hewa, "unachofanya ni kufungua tu ile..."

Mwewe hasikiki anapokuja. Unasikia upepo sikioni, basi. Paja likaenda, na likaenda na kipande kidogo cha ngozi ya kidole cha mhandisi. Mkewe akapiga ukelele, kiboko mmoja akazama, na mimi nikakimbilia sanduku la huduma ya kwanza nikijua kabisa kwamba kosa ni la mwongoza watalii aliyeweka gemu mbele ya mwewe. Kutoka pale hadi lojini mazungumzo yalikuwa ya pepopunda. Nisingeweza kumuuliza mtu aliyefungwa bendeji, "Kwa hiyo, kufungua nini?" Nilifungua mdomo mara mbili, nikaufunga.

Tukiwa tunapanda Lerai, kimya, nikapata muda wa kujitafakari, na nilichokiona sikukipenda: mimi mwenyewe ni adapta. Nikiwapeleka wageni Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mzee wa Kihadzabe huzungumza Kihadza chenye vile vidoko vya ulimi. Kijana wa pale anakigeuza Kiswahili. Mimi nakigeuza Kiingereza. Mgeni anakigeuza kilugha cha kwao kwa ajili ya mkewe. Na eneo letu lina utajiri huo kupita kiasi: Kihadza, Kidatoga, Kiiraqw na Kiswahili, lugha nne ambazo wataalamu huziweka kwenye koo nne mbalimbali, zote unaweza kuzisikia kwenye mnada mmoja zikibishania mbuzi mmoja. Siku moja mzee alizungumza dakika tatu nzima, mikono juu, mikono chini, akaiga ndege, akaiga nyuki, akamtaja shemeji yake. Kijana akaniambia, "Anasema kuna asali." Nikamwambia mgeni, "There is honey" na nikaongeza tabasamu. Mgeni akamwambia mkewe neno moja. Mkewe akampiga mzee picha. Nani alimuuliza shemeji alifanyaje?

Ila mtalii hafungwi mabao kwa tafsiri mbovu. Mimi nilikuwa nafungwa.

Nikarudi nyumbani na uamuzi wa kishujaa. Kama pedi haibadiliki, nitabadilika mimi. Pembetatu ndiyo pasi. Msalaba ndio shuti. Mraba ndiyo kupenyeza. Mbio ziko R2, na R1 haiguswi hata kwa bahati mbaya. Niliandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye ukingo wa skrini. Usiku, watoto wamelala, mvua inagonga bati, nilikaa nikirudia kama mtoto wa madrasa: pembetatu pasi, msalaba shuti. Siku tatu za kwanza zilikuwa za mateso. Siku ya tano kidole gumba kilianza kwenda chenyewe. Wiki ya pili niling'oa karatasi. Wiki ya tatu niliifunga kompyuta mbili kwa moja, halafu nne bila, halafu sikumbuki, maana nilikuwa siangalii tena vitufe hata kidogo. Barabarani nikiona alama ya tahadhari ya pembetatu, gumba langu lilikuwa linataka kutoa pasi.

Mwanzoni mwa Juni, kabla wageni hawajaanza kumiminika, nikavaa koti, maana baridi la Karatu lilikuwa limeshafika, nikaenda bandani. Sikupita kama mnunuzi wa vocha. Nilikuwa nimeshatangaza. Madereva walikuwapo, wale wa mabawa wakiwa mbele. Nikalipia mechi tano kwa mkupuo, nikachukua Simba, mpwa wangu akachukua Yanga, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu anayekuja kuchukua chake.

Pedi ya bandani nilipoishika mkononi ilikuwa ile ile kabisa na yangu. Umbo lile lile, vitufe vile vile. Kitu kimoja tu kilikosekana. Haikuwa na adapta.

Nikaanza mpira, nikatoa pasi kwa pembetatu. Mpira ukapenya katikati ya watu wote ukatoka nje. Nikadhani ni bahati mbaya. Mtoto akaja na mpira; nikamkaba kama nilivyozoea, gumba limekandamiza pembetatu barabara, kwa nguvu ya wiki tatu za mazoezi. Kipa wangu akatoka golini. Sikuiachia pembetatu, kwa hiyo naye hakuacha kuja. Alivuka eneo lake la hatari, akavuka nusu ya uwanja. Dereva mmoja akapaza sauti, "Jamani, kipa wa Simba anakwenda Mang'ola kununua vitunguu!" Bao la kwanza liliingia kwenye goli tupu, mpira ukitembea kwa miguu.

Dakika ya thelathini nilibaki mimi na kipa wa Yanga, ana kwa ana, ameanguka chini tayari. Nikabonyeza msalaba, shuti la maisha. Mshambuliaji wangu akampa kipa yule mpira taratibu, kama unavyompa mgeni maji ya kunawa. Nikataka kusimamisha mechi nifikiri. Kwa desturi yangu, nikagusa R1. Mchezaji wangu, ambaye ndiyo kwanza ameuchukua mpira, akachomoka mbio za ajabu, akautoa nje ya uwanja, na nadhani angefika Rhotia kama si ukomo wa televisheni.

Tisa bila. Mechi nne zilizobaki niliwaachia watoto waliokuwa wamesimama mlangoni.

Jioni mpwa wangu alikuja nyumbani. Mama yake alikuwa amemtuma kuleta maziwa, lakini nilijua amekuja kunipa pole, na mtoto yule ana namna yake ya kutoa pole. Akaona laptopu iko wazi mezani, pedi imechomekwa. Akaomba kujaribu. Akabonyeza R1, mechi ikasimama. Akaangalia pedi. Akaniangalia mimi. Niliona macho yake yanapiga hesabu, Aprili hadi Juni, saba hadi tisa.

"Mjomba, hujaiseti?"

"Kuseti wapi?"

Akatoka kwenye gemu. Akafungua lile folda nililokopi kutoka kwenye flashi, na pale, pembeni kabisa ya alama ya kufungulia gemu niliyoibonyeza kila usiku kwa majuma yote yale, palikuwa na alama nyingine, ndogo, imeandikwa Settings. Ndiyo ile ambayo Mfini alikuwa anaitaja paja lilipopaa. Mtoto akaifungua, ikaja picha ya vitufe, akawa anauliza kimoja kimoja kwa sauti, pasi, shuti, krosi, mbio, anabonyeza panapotakiwa, kinabadilika. Haikufika dakika mbili. Maziwa hayakupoa.

"Haya, mjomba, sasa iko kama ya bandani. Cheza."

Nikashika pedi. Nikaanza mpira, nikatoa pasi kwa pembetatu, mpira ukatoka nje. Nikakaba, kipa akatoka. Nikapiga shuti, ikawa pasi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maziwa, mabega yanamtetemeka. Nilicheza dakika kumi na tano za mechi, nikafungwa manne na kompyuta ile ile niliyokuwa naifunga manne juzi, kisha nikaweka pedi mezani.

"Mwanangu," nikamwambia, kwa sauti ya chini ili mama watoto asisikie, "hebu irudishe ilivyokuwa."

Akafikiri kidogo.

"Mia mbili, mjomba."